Mercator alipofika Garsen

Jioni moja ya mwaka 2025, siku chache baada ya kutangazwa kwamba Umoja wa Afrika umeunga mkono kampeni ya kuitaka dunia iachane na ramani ya Mercator, simu yangu ililia. Aliyepiga ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili kandokando ya Mto Tana, si mbali na Garsen. Mimi ndiye niliyemfundisha somo hilo katika miaka ya tisini, na hata leo, ingawa ana wanafunzi wake na mvi zake chache, huniita Mwalimu kana kwamba sina jina jingine.

"Shikamoo, Mwalimu. Ile ramani ya dunia uliyotuachia ukutani bado ipo. Wanafunzi wamesikia redioni kuwa ni ya uongo, wanataka niishushe. Niishushe?"

Nilianza kumjibu, lakini pesa zake za simu zikaisha kabla sijaimaliza sentensi ya tatu. Ndugu msomaji, makala haya ni salio la mazungumzo yale.

Ramani yenyewe naikumbuka vyema. Niliikuta ukutani nilipohamishiwa shule hiyo mwaka 1993. Ilikuwa imechapishwa kabla ya Uhuru, maana Kenya ilikuwa bado imepakwa rangi ya waridi ya himaya ya Uingereza, na ilining'inia kwa fito mbili katika chumba cha kidato cha kwanza. Kila mwaka, wanafunzi wapya walipoingia, swali lao la kwanza lilikuwa lile lile: Greenland ni nchi gani, na mbona ni kubwa hivyo? Kwa hakika, machoni pa mtoto Greenland ya ramani ile ilitoshana na Afrika nzima. Niliwapa takwimu waziandike. Afrika ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 30.3, ilhali Greenland haizidi milioni 2.2. Yaani Afrika inaweza kuimeza Greenland mara 14. Nchi ya Kongo peke yake, ambayo wakati huo tuliiita Zaire, ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na kwa hiyo inakishinda kisiwa hicho.

Lakini mfano uliowaamsha waliokuwa wakisinzia ulikuwa wa nyumbani. Gerardus Mercator, mwenye ramani yake, alizaliwa mwaka 1512 katika mji wa Rupelmonde, nchi tuiitayo sasa Ubelgiji. Ubelgiji ina kilomita za mraba zisizozidi 31,000. Tana River, wakati huo wilaya na leo kaunti, ina zaidi ya 35,000. Ungeichukua Tana River ukaitandaza juu ya nchi aliyozaliwa Mercator, nchi hiyo ingefunikwa yote na kipande kingebaki kikining'inia baharini. Hata hivyo, kwenye ramani ya Mercator, Ubelgiji huonekana karibu mara mbili ya Tana River. Nakumbuka kijana mmoja wa nyuma alisimama akauliza kama Wabelgiji wanajua.

Siku ya kueleza sababu, nilitumia embe. Vitabu hutumia chungwa, lakini Garsen machungwa huja kwa lori ilhali maembe huanguka yenyewe. Nilimwomba mwanafunzi mmoja amenye embe dodo kwa kisu, ganda lisikatike, kisha alilaze juu ya dawati liwe bapa kama karatasi. Alijaribu. Ganda lilijikunja. Alipolibonyeza likapasuka pembeni. Alipoziziba nyufa kwa kulivuta, katikati likafanya kibiongo. Darasa zima lilimshauri, kila mmoja na mbinu yake, na embe lenyewe likaliwa kabla ya mjadala kwisha. Mjerumani Carl Friedrich Gauss alilithibitisha jambo hilo kwa hisabati mwaka 1827: uso wa tufe hauwezi kulazwa bapa bila ya kuvutwa, kubanwa au kupasuliwa mahali fulani. Hakuna ufundi utakaolikwepa hilo, wala hakuna nchi tajiri iliyonunua njia ya kulikwepa.

Kwa sababu hiyo mchoraji wa ramani hulazimika kuchagua. Kanuni anayoitumia kuhamisha uso wa dunia kutoka kwenye tufe hadi kwenye karatasi ndiyo wataalamu waiitayo projeksheni. Ipo inayohifadhi maumbo ya mahali padogo na pembe zake, hivi kwamba ghuba hubaki na sura ya ghuba na njia panda hubaki na pembe yake. Ipo inayohifadhi ukubwa wa maeneo. Ipo inayohifadhi umbali, lakini kutoka mahali pamoja tu au katika mistari michache maalumu. Umbo na ukubwa havikubali kuhifadhiwa vyote viwili katika ramani moja ya dunia. Anayetaka kimoja hana budi kukitoa kingine.

Mercator alichagua pembe, na alikuwa na sababu yake. Ramani aliyoichapisha mjini Duisburg mwaka 1569 ilikusudiwa mabaharia. Nahodha akiwa na dira, shida yake si kujua kama Afrika ni kubwa kuliko Greenland. Shida yake ni kujua aelekeze omo wapi, leo na kesho na keshokutwa, ili afike. Katika ramani ya Mercator, mwendo wa dira usiobadilika huwa mstari ulionyooka. Nahodha huweka rula yake kutoka bandari moja hadi nyingine, akasoma pembe, akaishika. Ili kuupata mstari huo ilibidi kila latitudo ivutwe ienee kwa upana kama ikweta, na ili maumbo yasiharibike ilibidi urefu nao uvutwe kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana kadiri unavyoikaribia ncha ya dunia ndivyo kila kitu kinavyovimba, na ncha zenyewe hazichoreki kabisa. Ramani hiyo ilikuwa chombo cha chomboni, kama nanga. Kosa, ikiwa tunatafuta kosa, ni la wale walioitoa melini wakaitundika darasani, ambako hakuna anayesafiri.

Hapa ndipo ninapotengana kidogo na baadhi ya wanaharakati. Husemwa mara kwa mara kwamba Mercator aliipunguza Afrika. Hebu tufanye hesabu tukiwa hapa hapa Garsen. Mji huu uko takriban nyuzi 2 na dakika 16 kusini mwa ikweta. Katika latitudo hiyo ramani ya Mercator hukuza urefu kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja katika elfu. Shamba la ekari 10 lingetoka kwenye ramani hiyo kama ekari 10 na nukta mbili za sufuri, tuseme 10.02. London, iliyo nyuzi 51 na nusu kaskazini, urefu wa kila kitu huzidishwa kwa 1.6 na eneo kwa takriban 2.6. Kwenye nyuzi 72, katikati ya Greenland, eneo huzidishwa zaidi ya mara 10. Kwa hiyo sisi hatukupunguziwa hata shubiri. Ni wengine walioongezewa. Najua kwamba kwa macho ya mtoto matokeo ni yale yale, kwa kuwa mtu mfupi na mtu wa kawaida aliyesimama kando ya mirefu hawatofautiani. Lakini mwalimu hana ruhusa ya kulieleza jambo kinyumenyume kwa sababu tu linapendeza likielezwa hivyo.

Mwaka 1995 tuliletewa ramani nyingine. Ilikuwa zawadi ya watu waliokuja kukagua mradi wa maji, na walitueleza kwa furaha kwamba hiyo ndiyo ramani ya haki. Ilikuwa ya Arno Peters, mwanahistoria wa Ujerumani, aliyeitangaza mjini Bonn mwaka 1973. Kanuni yake haikuwa ngeni. Mchungaji wa Uskoti aitwaye James Gall alikuwa ameieleza tangu mwaka 1855. Ramani hiyo huhifadhi ukubwa wa maeneo kwa uaminifu kamili. Greenland ilinywea ikawa kisiwa, Ulaya ikarudi kuwa rasi ndogo, na Afrika ikachukua katikati ya karatasi kama mwenye nyumba.

Niliitundika kando ya ile ya zamani bila ya kusema neno. Wanafunzi waliitazama kwa muda. Ndipo kijana mmoja wa Kiorma, ambaye wakati wa likizo alichunga ng'ombe wa babake, akasema: "Mwalimu, Afrika hii imekonda kama ng'ombe wa kiangazi. Mbavu zinahesabika." Darasa liliangua kicheko, nami nikacheka, lakini kijana alikuwa amesema kweli ambayo wageni wetu hawakuisema. Peters, ili aupate ukubwa ulio sawa, alibana nchi za ikweta kutoka mashariki hadi magharibi na kuzivuta kutoka kaskazini hadi kusini. Karibu na ikweta, kipimo cha kusini na kaskazini huwa mara mbili ya kile cha mashariki na magharibi. Kutoka Garissa hadi Garsen, kwa mstari wa moja kwa moja, ni kama kilomita 200 za kuelekea kusini na 50 na ushei za kuelekea mashariki. Kwenye ramani ya Peters safari hiyo huonekana kama mtu aliyeporomoka kisimani. Umbo lililosalimika ni la nchi zilizo karibu na nyuzi 45, kaskazini na kusini. Kwa umbo la Garsen, ramani ya baharia wa 1569 ilikuwa mwaminifu zaidi kuliko ramani ya haki ya 1973.

Ramani ambayo kampeni ya sasa inaipendekeza huitwa Equal Earth, na ilitungwa mwaka 2018 na wataalamu watatu, Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny. Nayo huhifadhi ukubwa, lakini hubana kidogo zaidi kwa adabu. Afrika haiko sawasawa kabisa kwa umbo, ila mbavu hazihesabiki. Kwa ukuta wa darasa, naiunga mkono bila ya kusita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halikutajwa redioni, na ambalo kwa watu wa Garsen ni zito kuliko Greenland. Mwanafunzi wa Kenya anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE hupewa karatasi ya ramani ya topografia, aghalabu ya skeli ya 1:50,000, ahesabu madaraja, apime barabara, aeleze mto unavyopinda. Karatasi hizo zimechorwa kwa mfumo wa UTM. Na UTM ni nini? Ni Mercator yule yule, amelazwa ubavu. Johann Heinrich Lambert aliibuni njia hiyo mwaka 1772, Gauss akaiendeleza alipokuwa akipima ardhi ya Hanover, na katika karne ya 20 wanajeshi wakaieneza duniani. Badala ya kuikumbatia dunia kwenye ikweta, projeksheni hii huikumbatia kwenye mstari wa longitudo, na dunia nzima imekatwa vipande 60, kila kimoja nyuzi 6 kwa upana, ili uvimbe usipate nafasi ya kukua. Garsen imo katika kanda ya 37, ambayo mstari wake wa kati ni longitudo 39 mashariki. Anayetaka Mercator afukuzwe Afrika ajue kwamba amfukuze pia katika ofisi za wapima ardhi, na kwamba siku hiyo hakuna shamba litakalopimika.

Wanafunzi wangu walikuwa na shaka na namba za karatasi hizo. Ukisoma gridi ya Garsen, namba za mashariki huzidi kidogo kilomita 620, na zile za kaskazini hukaribia 9,750. Binti mmoja aliniuliza: "Sisi tuko kusini mwa ikweta, Mwalimu. Vipi tuwe kilomita elfu tisa kaskazini?" Lilikuwa swali zuri. Ili kuepuka namba hasi, waliobuni mfumo walikubaliana kwamba, kwa nchi za kusini, ikweta ihesabiwe kuwa kilomita 10,000, na mstari wa kati uhesabiwe kuwa 500. Sifuri yetu ni ya kupangwa. Toa 9,750 katika 10,000 utapata 250, nayo ndiyo safari halisi kutoka Garsen hadi ikweta. Hali kadhalika, kilomita moja ya ardhini huko Garsen huandikwa kwenye gridi kuwa pungufu kwa sentimita 21 hivi, kwa sababu Garsen iko kama kilomita 124 mashariki ya mstari wa kati. Sentimita 21 katika kilomita ni chini ya urefu wa rula ya shule. Uongo upo, ila umepimwa na kutangazwa, na anayeujua huusahihisha.

Uongo unaouma ni ule usiotangazwa. Karatasi zetu za zamani hazikuchorwa kwa projeksheni peke yake. Zilichorwa kwa kuikisia kwanza dunia yenyewe ina umbo gani na inaanzia kupimwa wapi. Msingi wa karatasi za UTM za Afrika Mashariki huitwa Arc 1960. Simu na vyombo vya setilaiti hutumia msingi mwingine, uitwao WGS84. Kati ya misingi hiyo miwili, mahali pale pale nchini Kenya hutofautiana kwa takriban mita 300, zaidi kuelekea kaskazini na kusini. Ongeza hapo ramani nyingi za mashamba, ambazo tangu ukoloni zilipimwa kwa mfumo wa tatu, wa Cassini-Soldner, vipimo vyake vya awali vikiwa vya futi. Mtu akichukua namba kutoka kwenye simu akazipachika kwenye karatasi ya zamani bila ya kuzigeuza, kosa lake ni milimita 6 tu kwenye skeli ya 1:50,000. Lakini mita 300, katika bonde ambalo mto huo hupinda kama nyoka aliyekanyagwa, zinatosha kumhamisha mkulima kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Nimeiona hati ya aina hiyo mikononi mwa mzee mmoja, jina lake na la aliyempimia nayahifadhi. Kwa mujibu wa karatasi yake, migomba yake ilikuwa ng'ambo, na nyumba yake ilikuwa majini. Mzee aliikunja vizuri akairudisha kwenye mfuko wa plastiki, akaniambia kuwa hata hivyo ina muhuri.

Mto Tana si mgeni wa kuchorwa na watu wasioujua. Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilibadilishana barua za kugawana maeneo ya ushawishi Afrika Mashariki. Mpaka wa kaskazini ulitajwa kuanzia mdomo wa Tana, ukaufuata mto huo au vijito vyake hadi mahali ambapo ikweta inakutana na longitudo 38, kisha ukaenda moja kwa moja hadi panapokutana latitudo 1 kaskazini na longitudo 37. Katika makubaliano hayo hayo, ukanda wa pwani uliobakishiwa Sultani wa Zanzibar, maili 10 za baharini kwa upana, ulikomea Kipini, pale pale Tana inapomwaga maji yake leo kupitia Ozi. Msomaji ataona kwamba makutano ya latitudo na longitudo si kijiji, si kisima wala mti. Ni mahali palipo kwenye karatasi kwanza na ardhini baadaye. Hata maneno "moja kwa moja" hayajitoshelezi, maana mstari ulionyooka kwenye ramani ya Mercator si ule ule ulionyooka juu ya tufe. Karibu na ikweta, katika masafa mafupi, tofauti ni ndogo mno, na wala sidhani kwamba mabwana wale waliijali. Walikuwa na rula.

Nimefika kwenye jambo ambalo, kusema kweli, ndilo lililonifanya niandike. Muhula wa pili wa mwaka 1996 niliwapa kidato cha pili zoezi: kila mmoja achore kwa mkono ramani ya njia ya kutoka nyumbani kwao hadi shuleni. Nilikusudia kuwafundisha skeli na alama. Nilikusanya karatasi, nikasahihisha usiku kwa taa ya chemni.

Karatasi mbili sijazisahau. Moja ilikuwa ya binti wa Kipokomo, ndiye huyu aliyenipigia simu. Mto kwenye karatasi yake ulikuwa mnene kama mkono, ukichukua zaidi ya nusu ya ukurasa. Kila kona ilikuwa na jina, kila gati la mitumbwi, miembe ya nani na nani, mashamba ya mpunga yaliyopangwa kama vigae. Nyuma ya mashamba kulikuwa na ukanda wa upana wa kidole, na humo alikuwa ameandika neno moja: pori. Ya pili ilikuwa ya yule kijana wa ng'ombe wa kiangazi. Kwake yeye pori ndilo lililokuwa nchi. Kulikuwa na visima, mabwawa ya mvua, miti ya kupumzikia, malisho ya masika na ya kiangazi, na umbali ulioandikwa kwa siku za kutembea. Mto ulikuwa uzi mwembamba kwenye ukingo wa karatasi. Ila kutoka porini hadi kwenye uzi huo alikuwa amechora njia pana, pana kuliko barabara ya Malindi, akaiandika malka, yaani njia ya mifugo kushukia majini.

Niliziweka karatasi hizo mbili kando kwa kando juu ya meza. Mahali ambapo malka ya kijana ilifika mtoni, kwenye karatasi ya binti palikuwa na safu tatu za migomba.

Nilifanya nini? Nilimpa kila mmoja alama 7 kwa 10, nikaandika chini kwa wino mwekundu: skeli haipo. Kesho yake nikarudisha madaftari tukaendelea na kontua. Nilikuwa na silabasi ya kumaliza.

Wasomaji wanayajua yaliyofuata. Mwaka 2001 damu ilimwagika Tana River, na mpango wa kupima na kugawa mashamba kando ya mto ulitajwa miongoni mwa vyanzo vya uhasama kati ya wakulima na wafugaji. Mwaka 2012, kuanzia mwezi wa Agosti, vijiji vya delta vilishambuliwa kwa zamu, na katika majuma machache watu zaidi ya 100 waliuawa, watoto wakiwemo. Sisemi kwamba ramani ndiyo iliyoua. Kulikuwa na ukame, bunduki, siasa na mambo mengine ambayo tume na mahakama zimeyachambua kunizidi. Lakini nilipokuwa nikizisikiliza habari zile redioni, nilichokiona mbele ya macho yangu ni zile karatasi mbili juu ya meza, zimegusana pembeni, na wino wangu mwekundu.

Kila mmoja wa watoto wale alikuwa ametumia projeksheni yake. Mmoja alivuta mto akabana pori. Mwenzake alivuta pori akabana mto. Hakuna aliyedanganya. Soroveya anapokuja na chombo chake, naye huleta kanuni yake, ambayo huhifadhi pembe na mita kwa ustadi wa kustaajabisha lakini haina alama ya njia inayotumika miezi mitatu kwa mwaka. Delta ya Tana, ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ikiwa na hekta 163,600, inaweza kupimwa kwa projeksheni inayohifadhi ukubwa bila ya kukosa hata hekta moja, na bado karatasi ikaonyesha uwanda mtupu mahali ambapo ng'ombe wa nusu ya kaunti watakuwa Januari.

Nilimpigia binti yangu siku ya pili, kwa pesa zangu. Nilimwambia asiishushe ramani. Atafute ile ya Equal Earth, hata kama ni ya kuchapisha vipande vipande na kuunganisha kwa gundi, aitundike kando. Ya Peters kama ingalipo aiweke pia. Kisha amenyishe embe. Baada ya hapo awape watoto lile zoezi la njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni, na safari hii asisahihishe chochote kwa wino mwekundu kabla karatasi za watoto wa kando ya mto na za watoto wa bara hazijalazwa pamoja sakafuni, na wenyewe wakaambiana kwa midomo yao ni kipi kiko wapi.

Alinyamaza kidogo. Akaniuliza kama naikumbuka karatasi yake. Nikasema naikumbuka.

"Na yule mwenzangu wa malka, unamkumbuka? Yuko hapa Garsen, huuza ng'ombe mnadani. Nitamwita aje siku hiyo. Lakini kuhusu ramani, Mwalimu, sikukwambia yote. Mchwa wameiingia. Walianzia chini, wakaimaliza Antaktika nzima, na wiki iliyopita nimeona wameanza Australia."